Gari Lililoziba Daraja

Jirani zangu, habari za Royce Pelkey wengi wenu mmezisikia dukani, nusu kutoka kwa huyu na nusu kutoka kwa yule, na kila nusu imetiwa chumvi yake. Leo nawapa nzima. Siisimulii kumwaibisha. Mwenyewe ameniruhusu, na akanisihi nisipunguze.

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Novemba, na nyumba ya akina Pelkey, juu ya mto, ilikuwa imetulia. Jiko la kuni lilikuwa likivuma pembeni. Noreen, mke wa Royce, alikuwa akigeuza chapati za maji kwenye kikaango. Mama mkwe wake, Bibi Odile, mwenye miaka sabini na minane na nyonga zilizokwisha kuchoka, alikuwa ameshika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili. Royce alikuwa amekaa dirishani akimimina sharubati tamu ya utomvu wa miti juu ya chapati zake, na nje theluji ya kwanza ya mwaka ikaanza kudondoka, nyepesi kama unga unaochekechwa.

Noreen aliitazama theluji ile, kisha akamtazama mumewe.

"Royce, matairi ya theluji yako ghalani tangu Aprili. Utayafunga lini?"

Royce alikata kipande cha chapati. Aliinua uma, akatafuna, akameza. Halafu akasema kwamba mwaka huu hayafungi.

Hapo ndipo utulivu wa nyumba ile ulipoanza kupata ufa.

Ili mwelewe jibu lile, lazima niwarudishe nyuma kidogo, kwenye majira ya matope. Mnayajua matope yetu ya Aprili. Barafu ya ardhini inapoyeyuka, barabara za vilimani zinageuka uji, na gari likizama hapo linakaa mpaka apatikane wa kulivuta. Aprili ya mwaka huohuo basi la shule lilizama hadi katikati ya magurudumu kwenye barabara ya Bell Hill, likiwa na watoto kumi na mmoja ndani. Royce alikuwa ameazima matairi makubwa ya matope kwa rafiki yake mkata magogo, yale yenye meno mapana kama matofali. Akaja na pikapu yake, akafunga mnyororo, akalivuta basi lile mpaka kwenye lami huku watoto wakimshangilia madirishani.

Lilikuwa jambo jema, na wala silipunguzi. Lakini mjue Royce alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa fundi wa kupiga plasta, mpole, mtu anayeingia dukani na kutoka bila yeyote kukumbuka kwamba alikuwapo. Kwa miaka arobaini na mitatu hakuna aliyeligeukia jina lake. Wiki ile picha yake ilitoka kwenye gazeti la wilaya. Dukani walimnunulia kahawa. Mmoja akamwita Mfalme wa Matope, na jina likamganda.

Sifa, jirani zangu, ni kama sukari kwa mtu ambaye hakuwahi kuionja. Kufika Juni, Royce alikuwa amenunua matairi ya namna ile yawe yake mwenyewe, makubwa kuliko yale aliyoazima, na ameliinua gari lake kwa springi ndefu hata Bibi Odile akawa hawezi kulipanda bila kigoda. Jumamosi zote za Oktoba, ambazo kila mwaka alizitumia kupasua kuni na kusafisha masizi ya dohani, bomba la moshi la jiko, mwaka ule alizimaliza uani akiliosha gari. Noreen alimkumbusha dohani mara mbili. Akasema atalisafisha. Hakulisafisha.

Jumatatu, baada ya yale mazungumzo ya mezani, Royce alipita kwa Lorna Quimby kupima upepo. Lorna ndiye fundi wetu wa matairi. Alisoma darasa moja na Royce, na ulimi wake hauna breki.

"Karibu, mfalme," alimwambia. "Umeniletea matairi ya theluji niyafunge? Nusu saa tu, unaondoka."

Royce akamwambia hana haja nayo. Gari lake linavuta kwa magurudumu yote manne.

"Linavuta, sawa. Lakini mimi sikuulizi litakwendaje. Kila gari hapa kijijini lina breki nne, hata lile sanduku la viatu la Elwyn mpeleka barua. Nakuuliza litasimamaje."

Akamshika mkono, akampeleka ukutani yalikopangwa matairi. Royce anasema anayakumbuka maneno yale kama aliyesomewa wosia. Lorna alimwonyesha kwanza tairi la matope: meno makubwa, mifereji mipana ya kutema tope, na mpira mgumu. Baridi ikiingia, alisema, mpira huu unakuwa mgumu kama kisigino cha kiatu, na yale meno mapana hayana pa kuishikia barafu. Kisha akamwonyesha tairi la theluji. Akamwambia aukandamize mpira kwa kidole gumba; ulibonyea. Akamwonyesha mamia ya mikato myembamba kama ya wembe, akamweleza kwamba kila mkato ni ukucha. Tatu, akamwonyesha tairi la kati, lenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni: hilo ni la mtu anayetaka seti moja mwaka mzima, linaingia tope la wastani, linavumilia theluji, na kwenye lami halimpigii kelele. La mwisho lilikuwa la lami tupu, laini, la kiangazi, lisilokula mafuta mengi.

"Sasa nijibu. Kwa mwaka, wewe unaendesha kwenye matope wiki ngapi?"

"Tano. Sita, mwaka mbaya."

"Na theluji?"

Royce akaanza kuhesabu kwa vidole. Sote tunajua ni miezi mitano.

"Basi hesabu umeshaifanya," Lorna akasema. "Yale yako ya zamani bado yana meno mazuri, na yanaingia kwenye gari lako bila shida."

Yanaingia, ndiyo. Hilo ndilo lililokuwa likimuuma Royce. Aliwaza pikapu yake ndefu juu ya matairi yale madogo, ikaonekana akilini mwake kama mbuni aliyevalishwa viatu vya mtoto. Aliwaza vicheko vya dukani. Akamshukuru Lorna, akasema atafikiria, akaondoka huku matairi yake yakinguruma barabarani.

Novemba ikapita salama, na usalama wa bahati humfanya mtu ajione ana akili. Kila alipopanda mlima ambao wengine wameshindwa, Royce alirudi nyumbani na hadithi. Noreen aliacha kuuliza. Yeye ni mpishi wa shule, na asubuhi akawa anaomba lifti kwa mwalimu mmoja jirani badala ya kukaa kando ya mumewe. Royce aliliona hilo, likamchoma, lakini hakulisema.

Kisha ikaja Jumanne ya pili ya Desemba. Theluji ilidondoka alfajiri, kiasi cha kufunika kiatu, halafu mvua nyembamba ikanyesha juu yake na kuganda, dunia nzima ikawa kama imepakwa kioo. Royce alikuwa kijijini akipiga plasta ukumbi wa kanisa. Yapata saa nne na nusu asubuhi, redio yake ndogo ya kiunoni ikalia. Yeye, kama wanaume na wanawake wengi wa hapa, ni mzimamoto wa kujitolea. Sauti ikatangaza moto wa dohani, barabara ya Bell Hill, nyumba ya Pelkey. Aliyepiga simu ni bibi mwenye nyumba, yuko peke yake.

Royce aliuacha mwiko ukutani, ukiwa umekwama kwenye plasta mbichi. Kituo cha zimamoto ni mtaa wa pili. Alipofika na gari lake, Hollis Kemp, mkuu wa kikosi, alikuwa tayari mlangoni mwa gari la maji, na magurudumu yake yamefungwa minyororo.

"Panda na sisi, Royce."

"Nitafika kabla yenu."

"Barabara ni kioo, ndugu yangu. Panda na sisi."

Royce hakupanda. Nimemuuliza kwa nini. Alisema alikuwa na hofu juu ya mama yake, kweli kabisa. Lakini ndani ya hofu ile, kama mchanga ndani ya wali, kulikuwa na kitu kingine: alitaka kuwa yeye. Alijiona akifika peke yake, akimtoa mama yake mikononi. Aliniambia hayo bila kunitazama.

Mlima wa kwanza aliupanda vizuri. Magurudumu manne yalivuta, gari likanguruma, moyo ukampanda. Akafika kileleni. Kutoka pale barabara inateremka moja kwa moja, inakata kona ndogo, inaingia kwenye daraja la chuma. Mnalijua daraja letu, la gari moja kwa wakati. Ng'ambo yake, nusu maili juu, aliuona moshi, mweusi, ukitoka mahali palipotakiwa kutoka moshi mweupe.

Akateremka. Katikati ya mteremko akakanyaga breki. Zikatetemeka chini ya mguu wake, na gari halikupungua hata kidogo. Akakata usukani, gari likaendelea kule lilikokuwa likienda. Anasema hakukuwa na kelele yoyote. Ngurumo ile aliyoizoea ilikoma, likabaki gari zito linaloteleza kimyakimya kama sabuni kwenye beseni. Likaanza kugeuka ubavu. Pua ikagonga ukingo wa kulia wa daraja, mkia ukazunguka ukapiga ukingo wa kushoto, na gari likakwama hapo, limeziba njia yote, kama mfupa wa samaki kooni.

Mfupa wa bega lake la kushoto ulikuwa umevunjika. Hakujua bado. Alikuwa akijaribu kuliwasha gari alipoisikia minyororo ya gari la zimamoto ikishuka nyuma yake, taratibu, kwa uhakika. Likasimama hatua ishirini kutoka kwake. Likasimama, jirani zangu, pale pale ambapo yeye alishindwa.

Hollis alishuka, akaja mpaka dirishani. Hakumtukana. Alimuuliza kama ameumia, kisha akageuka akawaambia wenzake walete winchi walivute gari.

Royce alifungua mlango, akapita juu ya ukingo mpaka upande wa pili wa gari, akaanza kukimbia kuelekea nyumbani kwake. Wazimamoto wawili wakamfuata kwa miguu na mitungi ya kuzimia moto. Alianguka mara nne. Mara ya tatu alianguka juu ya bega, na hapo ndipo alipojua limevunjika. Mbele yake moshi ulikuwa umeacha dohani na sasa unatoka chini ya mabati ya paa.

Alipofika kwenye lango lake, aliliona gari dogo la rangi ya maziwa limeegeshwa barabarani, injini inawaka. Lilikuwa la Elwyn Nadeau, mpeleka barua. Elwyn alikuwa akishuka kutoka juu ya kilima katika mzunguko wake wa kila siku, akauona moto, akasimama, akaingia. Gari lile Royce alikuwa amelicheka miaka nenda rudi. Chini yake kulikuwa na matairi manne ya theluji ambayo Elwyn huyafunga kila mwaka kabla hata majani hayajaisha mitini.

Bibi Odile alikuwa kwenye kiti cha mbele, miguu ikiwa na ndala za nyumbani, amefunikwa koti la Elwyn, barua zimetapakaa mapajani mwake. Uso wake ulikuwa na masizi, na alikuwa akikohoa. Royce alipiga magoti kwenye barafu kando ya mlango.

"Mama."

Bibi Odile alimshika shavu.

"Nilisikia gari linakuja," alisema. "Nikajiambia, huyo Royce. Kumbe ni Elwyn."

Hakusema kwa lawama. Alikuwa akimsimulia mwanawe yaliyompata, kama mama yeyote. Royce anasema bega halikuuma kama maneno yale yalivyouma.

Gari la zimamoto lilivuka daraja baada ya dakika thelathini na tano. Hollis ameniambia kwamba moto wa dohani ukiwahiwa, huzimwa kwa ndoo chache na unga wa kuzimia, watu wakabaki kusafisha masizi. Wale wawili wenye mitungi walijaribu, lakini moto ulikuwa umeingia darini. Walipofika wenye maji, paa lilikuwa limekwisha kuporomokea ndani. Nyumba ile ilijengwa na marehemu baba yake Royce, ubao kwa ubao, mwaka alioozwa Odile. Kufikia saa nane mchana ilibaki jiko la kuni likiwa limesimama wima katikati ya majivu.

Noreen aliletwa kutoka shuleni na yule mwalimu. Alisimama barabarani na aproni yake, akatazama. Alimkumbatia mama mkwe wake. Alimfunga mumewe mkono kwa skafu yake mwenyewe. 

Walihamia vyumba viwili juu ya duka. Kijiji kilileta mablanketi, masufuria, mitungi ya supu. Noreen alipokea na kushukuru, alipika, alimwogesha Bibi Odile ambaye kikohozi hakikumwacha, na kwa Royce alisema yale tu ya lazima: dawa yako hii, chakula tayari. Nawaambia, mke anayegombana bado ana matumaini, na mliooa mtanielewa. Royce aliusikia ukimya ule wiki tatu nzima.

Ilikuwa baada ya Krismasi, wakikunja nguo za kupewa, Royce alipoweka shati chini akamwambia mkewe amtukane, amalize.

Noreen aliendelea kukunja.

"Nyumba siililii," akasema. "Kitu kinajengwa tena. Mimi nilikuambia theluji, ukawasikia watu wa dukani. Nikakuambia dohani, ukawasikia watu wa dukani. Nikaacha kupanda gari lako, hukuniuliza hata kwa nini. Nimekaa na wewe miaka kumi na tisa, Royce, sikuwahi kutaka mfalme. Yule mpiga plasta wangu alinitosha."

Ndipo alipolia, na Royce akalia. Bibi Odile, chumba cha pili, akapandisha sauti ya redio ili wasijue kwamba anasikia.

Januari, bega lilipoanza kuunga, Royce alimwendea Lorna. Gari lake lilikuwa limenyooshwa ubavu. Alimwomba Lorna atoe zile springi ndefu, alirudishe lilivyokuwa, afunge yale matairi ya theluji ya ghalani. Ghala halikuguswa na moto. Akamuuliza na la kufanya Aprili ikifika. Lorna hakumtania siku ile. Walikaa juu ya matairi mawili yaliyopangwa, wakazungumza kama mgonjwa na daktari: theluji mpaka mwishoni mwa Aprili, kisha yale ya kati yenye alama ya mlima kwa matope ya mwisho na barabara za kila siku, yote manne ya aina moja, na meno yapimwe kila vuli. Yale makubwa ya matope Royce alimpelekea rafiki yake mkata magogo, ambaye huingia msituni kila siku ya Mungu. Kwake yeye ndiyo matairi yenyewe. Tairi halina kosa, jirani zangu.

Dukani walicheka, kama alivyojua. Mmoja aliuliza kama mfalme amepinduliwa. Royce akasema ndiyo, kapinduliwa, akanywa kahawa yake mpaka ikaisha, akaaga.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitegemea kwa mtu mpole kama yule. Kwenye mkutano wa wazimamoto wa Februari alisimama mbele ya watu ishirini na sita, akaeleza yote: alivyoambiwa panda na sisi, alivyokataa, na kwa nini. Akasema kama angeziba daraja siku nyumba ya mtu mwingine inaungua, asingejua aifiche wapi sura yake. Akamwomba Elwyn radhi kwa jina, kwa miaka yote ya sanduku la viatu. Elwyn, ambaye hapendi kuangaliwa, alisema ni gari dogo kweli, na akaomba waendelee na ajenda.

Mwezi Machi, Bibi Odile aliomba apelekwe akaone mahali pa nyumba yake, maana walikuwa wameanza kupima msingi mpya. Theluji ilikuwa ikidondoka siku hiyo. Royce alimsaidia kupanda, bila kigoda. Walipanda mlima wa kwanza polepole, wakateremka polepole zaidi, na kabla ya kona Royce akakanyaga breki kidogo. Gari likatii, likaingia darajani limenyooka. Akageuka kumwambia mama yake kitu.

Bibi Odile alikuwa amesinzia, kichwa kimeegemea kioo, mdomo wazi kidogo, akikoroma taratibu. Gari lilipokuwa limeinuliwa hakuwahi kusinzia hata mara moja; alikuwa akikaa amekamata mpini wa mlango kwa mikono yote miwili. Royce alifika kwenye kiwanja chao, akazima injini, akakaa kimya pale na theluji ikijaa kioo cha mbele, akimsubiri aamke.

FUNZO

Jirani zangu, mwenye kununua tairi ajiulize kwanza siku zake nyingi anapita wapi: kwenye theluji, kwenye tope, au kwenye lami ya kila siku. Anunue la siku hizo, wala si la siku ile moja aliyoshangiliwa. Asidanganywe na nguvu ya kwenda, kwa kuwa gari hupimwa kwa kusimama.

Na la pili ni kubwa kuliko hilo. Tendo jema likishatendeka, liacheni liende zake. Mtu akianza kuishi kwa ajili ya kusifiwa, huwazibia njia wale waliokuja kumwokoa, na wanaoumia zaidi ni walio ndani ya nyumba yake, ambao hawakumwomba sifa yoyote. Akikuonya wa nyumbani kwako, msikilize siku hiyohiyo. Yeye ndiye anayekaa kiti cha pili, kando yako garini.